Magari ya Kusukumwa ya Nchi ya Nyongeza

"…hadi mapigo ya moyo, jamani, hadi mapigo ya moyo wa mtu yanatiwa bei!"

Maneno hayo yalimtoka Aikande akiwa katikati ya yadi ya magari, mkono wake wa kulia umeshikwa na mwanamume asiyemjua. Mwanamume yule alikuwa ameweka vidole viwili juu ya mshipa wake, na kwa mkono wa pili anapiga kingoma kidogo kilichoning'inia shingoni, pigo kwa pigo, akifuata moyo wa binti wa watu. Kingoma kilikuwa kinakwenda kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Kila kilipoongeza mwendo, mwenye yadi, mtu mnene mtulivu aitwaye Bwana Adimu, alichovya kalamu akapandisha tarakimu kwenye karatasi ya dhahabu iliyobandikwa kwenye kioo cha gari.

"Tulia, binti," alisema Bwana Adimu kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. "Kila ukishangaa unajiumiza mwenyewe."

Aikande akajaribu kutulia. Lakini gari lenyewe lilikuwa mbele yake, na wewe ungeweza? Lilikuwa Duma, gari la mbio ambalo wewe na wenzako mnabandika picha yake ukutani chuoni mnaliota. Jekundu, limeinama kama mnyama anayetaka kuruka, mgongo wake hauna hata alama ya kidole. Aikande alitazama taa zake mara moja tu, kingoma kikalia trrrr, na bei ikawa mara mbili ya ile aliyoikuta mlangoni. Alikuwa bado hata hajaamkia.

Sasa sikia, hiyo ndiyo nchi ya Nyongeza. Njia ya kufika huko tusiipotezee muda, aliyefika amefika. La muhimu ni kujua nini kilimpeleka.

Aikande ni binti wa Moshi, amemaliza chuo, uhandisi wa magari, yeye na mashoga zake wawili, Nambua na Sikudhani. Watatu hawa walikuwa wamepata nafasi katika mbio za mlimani, nafasi ambayo mabinti hawajawahi kuipata. Sharti lilikuwa moja: kila kikosi kije na Duma, na kifike nalo Jumamosi kabla ya bendera ya kuanzia kushuka. Kisichofika, nafasi yake anapewa mwingine, na mwakani waanze kuomba upya kama hawajawahi kujulikana. Fedha walikuwa nazo. Walishinda tuzo ya kubuni breki, wakachangiwa na shangazi, wakauza simu, wakafikisha bei ya kiwandani kamili. Juu ya hapo hawakuwa na hata ya soda.

Kura ya nani aende kununua ilimwangukia Aikande, na Sikudhani alipinga palepale.

"Huyu hapana. Huyu akifurahi hata visigino vinacheka. Muuzaji akimwona tu, tumekwisha."

"Nitakaza uso," alisema Aikande, huku anatabasamu.

Basi ndiyo hivyo. Siku ya kwanza alitoka yadini bila gari, bei imepanda nyuma yake kama moshi, akapanga chumba kwa mjane mmoja aitwaye Bi Subira. Alipoamkia "Shikamoo, mama," Bi Subira akajibu kwa desturi ya kwao: "Hutaki kitu?"

"Nataka maji ya kunywa, mama, na kama kuna chakula…"

Bi Subira akafunga mlango haraka. "Mwanangu, usiseme hivyo watu wakasikia. Ukiulizwa 'Hutaki kitu?' unajibu 'Sitaki kitu.' Hata kama unakufa kwa kiu. Nyumba ya tatu kutoka hapa inakaa muuza maji."

Hapo ndipo Aikande alipofundishwa sheria za nchi. Kiwanda cha Duma kinatoa magari machache sana kila mwaka, makusudi, ili yasitoshe. Kila gari linatoka na karatasi ndogo nyeupe yenye bei ya kiwandani. Likifika yadini, mwenye yadi anabandika juu yake karatasi kubwa ya dhahabu, na kwenye hiyo kuna ada ya kungoja, na ada ya kutongoja, na ada ya kivuli kwa kuwa gari lilikaa kivulini, na mwisho ada ya hamu, ambayo ndiyo mama yao wote. Ada ya hamu inapimwa na afisa wa serikali. Yule mwenye kingoma, Bwana Mizani, ndiye mpimaji mkuu, na mkono wake unaheshimiwa kuliko mkono wa kadhi.

Kuinua karatasi ya dhahabu ili usome ile nyeupe si kosa la jinai, ila ni ukosefu wa adabu, kama kuchungulia mtu anayeoga. Watu wazima wakipita mbele ya Duma wanageuza shingo upande.

"Na kiwanda kinasemaje?" aliuliza Aikande.

"Kiwanda kinasikitika," alisema Bi Subira. "Kila mwaka kinatuma mjumbe uwanjani, anasimama mbele yetu anasikitika, tunampigia makofi, anarudi."

Kuna sheria nyingine pia. Huruhusiwi kununua Duma mpaka uonyeshe uaminifu, na uaminifu unaonyeshwa kwa kununua Kobe. Kobe ni gari zito la rangi ya uji ambalo hakuna anayelitaka. Bi Subira alikuwa na Kobe watatu uani. Mmoja kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva, wa pili alikuwa stoo ya mkaa, wa tatu mlango wake haujawahi kufunguka tangu aletwe. Marehemu mumewe alinunua wote akitafuta Duma, na kila alipokamilisha uaminifu, sharti likaongezwa.

"Mimi mgeni je, nami ninunue Kobe?"

"Mgeni hadaiwi uaminifu. Mgeni anadaiwa hamu tu. Ndiyo maana wanawapenda."

Kesho yake Bi Subira akampeleka harusini, ajionee namna watu wazima wanavyojizuia. Bibi harusi alipoingia, mzuri wa kukufanya usahau kumeza mate, bwana harusi alipiga mwayo. Mwayo mrefu, wa taratibu, uliofunua hadi magego. Upande wa wakwe wakanong'onezana kwa kuridhika. "Kijana ana malezi," alisema mama mkwe. "Mahari haikupanda hata kidogo." Watoto walikuwa wamekaa mikekani wamenuna kwa utaratibu, na mmoja aliyecheka alitolewa nje akafunikwa kanga.

Jioni hiyo yakapita maandamano ya Duma. Aikande alikuwa amengoja kusikia injini, akasogea mbele kabisa. Akaona gari linakuja kimya, linasukumwa na wanaume wanane waliotota jasho, matairi yamevishwa soksi za pamba yasiguse vumbi. Mwenye gari alikuwa anatembea kando yake kwa miguu, kofia mkononi, kama anayesindikiza jeneza.

"Mbona hawaliwashi?"

"Liwashwe?" Bi Subira alimtazama kama amemtukana. "Mwanangu, gari likitembea linakula bei yake. Kilomita moja tu, imeshuka. Duma la kweli halijawahi kuwashwa."

"Sasa mtu anajuaje kama linakimbia?"

"Bei yake inakimbia. Hiyo haitoshi?"

Usiombe kuona mhandisi anayetaka kulia. Gari linaloweza kuupanda mlima kabla chai haijapoa, linasogezwa kwa mabega ya watu, nalo limevaa soksi.

Alirudi yadini amejifunza kupiga miayo. Bi Subira alikuwa amemfundisha vizuri, aanze puani, amalizie kwa kujikuna. Aliingia akapita mbele ya gari jekundu, akapiga mwayo mmoja ambao hata Bwana Adimu aliinua nyusi kwa heshima. Kisha Bwana Mizani akashika mkono. Trrrr, kikasema kingoma.

"Binti," alisema Bwana Adimu, anachovya kalamu, "uso wako umelala usingizi, lakini moyo wako uko harusini. Na sheria haipimi uso."

"Sheria yenyewe inasemaje?" aliuliza Aikande. Hakuwa na ujanja wowote. Aliuliza kwa hasira ya mtu aliyebakiwa na siku mbili.

Bwana Adimu akamwonyesha kwa kidevu. Ilikuwa imechongwa juu ya lango, kila mtu anapita chini yake: *Mwenye hamu kubwa zaidi ndiye alipe nyongeza.*

Aikande akaisoma. Akaisoma tena, midomo inasogea. Halafu Sikudhani angekuwapo angesema visigino vimeanza.

"Kubwa zaidi ya nani, mzee?"

"Zaidi ya… zaidi tu."

"Zaidi inataka wawili. Mimi mmenipima. Wewe umepimwa na nani?"

Wasukuma magari wakaacha kufuta. Bwana Mizani alikuwa bado ameshika mkono wa Aikande na kwa mara ya kwanza kingoma kilikosa pigo, na kosa hilo halikuwa la moyo wa Aikande.

Suala likapelekwa Baraza la Bei mchana uleule. Baraza la Bei linakaa ndani ya ukumbi ambao viti vyake vimefunikwa nailoni visichakae, kwa hiyo wajumbe wanajadili wamesimama. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kikomo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kulalia. Watu walijaa hadi madirishani, Bi Subira akiwamo, amejitanda hadi puani.

Mjumbe wa kwanza akasema muuzaji hana hamu, muuzaji ana bidhaa. Kumpima muuzaji hamu ni sawa na kulipima jiko njaa. Ukumbi ukaguna kukubali. Mjumbe wa pili akasema hata kama muuzaji ana moyo, moyo huo ni mali ya biashara, na mali ya biashara haipimwi bila leseni. Wa tatu akauliza nyumbani kwao mgeni nyongeza inalipwaje.

"Kwetu anaitoa muuzaji," alisema Aikande. "Ukinunua fungu la nyanya, unamwambia 'niongeze basi, mama,' anakutupia mbili juu."

Kicheko kilitaka kutoka kwa wajumbe wakakimeza. Mjumbe wa pili alikohoa mpaka akapewa maji, akayakataa kwa heshima ingawa machozi yalikuwa yanamtoka.

"Anatoa yeye?" aliuliza Mheshimiwa Kikomo. "Na wauzaji wenu hawajafa?"

"Wamenenepa, mheshimiwa."

Aliyeumaliza mjadala ni Bwana Adimu mwenyewe. Na hapo ndipo watu wa Nyongeza walipokosea kosa ambalo wao tu wangeweza kulikosea. Maisha yao yote wanamdharau mwenye kutaka, mpaka wakubwa wao wameamini kabisa kwamba hawataki chochote. Bwana Adimu alijitokeza mbele, akakunja mkono wa kanzu taratibu.

"Nipimeni. Baba yangu aliuza Duma siku nyumba yake inaungua, na hakugeuka kuutazama moto. Mpimeni mtoto wake."

Wakaenda wote yadini, baraza na watu. Bwana Mizani akashika mkono wa Bwana Adimu, na kingoma kikaanza: du… du… du. Polepole, kama mzee anayepanda ngazi. Watu wakatikisa vichwa kwa fahari. Aikande alijua kwamba moyo wake ulikuwa unakwenda mbio mara tatu ya huo. Kesho kutwa ni Jumamosi.

"Naomba nilikague basi," alisema. "Mnunuzi si anaruhusiwa kukagua?"

Hakuna aliyejua kama anaruhusiwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuomba. Akafungua boneti. Akachungulia, akaingiza mkono, akatoa kiota cha panya kimepangwa vizuri kwa nyuzi za soksi za pamba. Akakiweka chini.

"Betri imekufa. Petroli imeganda kama asali. Matairi yamekaa bapa upande mmoja, likienda litaruka kama mbuzi. Mzee, hili gari linakufa hapo lilipo. Umelitunza mpaka limeoza."

Du-du. Du-du, kikasema kingoma. Watu wakatazamana.

Hata hivyo kilikuwa bado polepole kuliko moyo wa Aikande. Alisimama pale, mikono ina grisi, akalitazama gari jekundu, na kitu kikamkalia sawa kifuani. Aliona mlima. Akamwona Nambua kwenye ramani na Sikudhani anapiga kelele kwenye kona. Katika picha ile gari halikuonekana vizuri, lingeweza kuwa lolote. Kumbe alichokuwa anakitaka hakikuwamo ndani ya yadi ile. Waliteka nafasi ile kwa akili zao, wataitafuta tena mwakani, na wakikosa mwakani watakwenda wapande mlima kwa pikapu ya baba yake Nambua bila mtu kuwapimia muda.

Basi akafanya ambalo kila mwanamke wa Moshi analifanya kwenye mitumba tangu akiwa na umri wa miaka kumi. Aliifunga boneti, akajifuta mikono, akasema, "Ahsante, mzee. Biashara njema." Akaondoka.

Lazima uelewe, Nyongeza watu wanatoka yadini ili warudi kesho, hakuna aliyewahi kuaga akaondoka moja kwa moja. Watu wanangoja, wanalia kimoyomoyo, wanakopa, wanakufa wamo kwenye foleni, lakini kumpa muuzaji mgongo, hapana, hata neno la kitendo hicho hawana. Aikande akapita chini ya lango. Nyuma yake kingoma kikasema du-du-du. Akafika barabarani. Du-du-du-du-du. Akakata kona ya muuza maji, hakugeuka, na kingoma kikafumuka trrrrrrr, hadi Bwana Mizani, mpimaji mkuu, akawa anapiga kwa viganja viwili kwa kuwa mkono mmoja hautoshi, na kumshika Bwana Adimu ikabidi wafanye wengine.

"Binti," ilisikika sauti. "Binti, ngoja. Rudi tuongee."

Watu wakamgeukia Bwana Adimu. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola. "Nisiuze hili, nitaingiza wapi yale mengine?" alisema, hamwambii mtu. "Miaka yote hii nalifuta vumbi. Nalala yadini. Silipendi hata."

Mheshimiwa Kikomo akaagiza Aikande arudishwe, akapimwa mbele ya wote. Kingoma kikasema du… du… du. Hakuwa anaigiza. Alikuwa ameshaanza safari ya nyumbani moyoni.

Baraza likateta dakika chache, na Mheshimiwa Kikomo akatoa hukumu kwa sauti ileile ya kulalia, ila mkono wake ulikuwa umeshika shanga za shingoni. Sheria ni sheria. Mwenye hamu kubwa zaidi ni muuzaji. Nyongeza alipe muuzaji.

"Mimi sitaki afilisike," alisema Aikande. "Nitalipa bei ya karatasi nyeupe, yote, wala sipunguzi. Nyongeza yangu anitilie matairi mapya na betri, na anijazie tangi."

Bwana Adimu akaibandua karatasi ya dhahabu mwenyewe. Ilitoka kwa shida, vipande vipande, na chini yake ile nyeupe ilikuwa safi kama ilivyotoka kiwandani. Watu hawakugeuza shingo. Walisogea wakaisoma kwa sauti, kama watoto wanaojifunza tarakimu.

"Mume wangu," alisema Bi Subira, anahesabu kwa vidole, "angeweza kulinunua. Mwaka wa kwanza kabisa. Na chenji ingebaki." Halafu akainamisha kichwa, na waliomkaribia wakadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ushungi ukaanguka, na hakuna aliyemfunika kanga.

Aikande alifanya kazi mpaka jua likageuka, amelala chini ya gari, akitoa petroli mbovu na kusafisha plagi, wasukuma magari wanamwangazia na kumpa spana wasizojua majina yake. Alipogeuza ufunguo, gari likakohoa, likakohoa tena. Bwana Adimu akafumba macho. Kisha likaunguruma.

Ungeona watu. Sauti ile iliwaingia miguuni, ikawapanda. Mjumbe wa jiko na njaa alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, mdomo wazi. Watoto walikimbia duara. Wasukuma magari wanane walisimama wameegemeana, wanaangalia mzigo wao unavyotetemeka kwa nguvu zake mwenyewe, na mmoja akasema, "Kumbe muda wote huu lilikuwa linaweza."

"Mama, panda," Aikande alimwambia Bi Subira.

"Mimi? Nikae wapi, mwanangu? Litashuka bei."

"Lishuke."

Walizunguka mji mzima. Kwenye kila mlango walipopita, Bi Subira alitoa kichwa dirishani na kuwapigia kelele majirani zake wa miaka yote, "Nataka! Nataka maji, nataka chai, nataka na embe!" Nyuma yao foleni ya watu ilikuwa imeshaundwa mbele ya yadi zote za mji, na safari hii wauzaji ndio waliokuwa wamenyoosha mikono kwa Bwana Mizani, wapimwe.

Ijumaa jioni gari jekundu likapanda kilima cha chuo, limejaa vumbi hadi kwenye taa. Nambua na Sikudhani walilisikia kabla ya kuliona. Sikudhani alikuja mbio na kandambili moja.

"Kwa bei gani?" hilo ndilo la kwanza alilouliza.

"Ile ile. Na tangi lilikuwa limejaa."

"Mwongo."

"Nikalipwa na betri."

Nambua alikuwa analizunguka gari, anaogopa kuligusa. "Anza mwanzo. Walikuachiaje kwa bei hiyo, betri walikulipa kwa nini, na kwa nini kiti cha nyuma kimejaa maembe?"

Aikande alifungua mdomo, na yote yakataka kutoka kwa pamoja, mjumbe wa kusikitika, Bwana Adimu alivyomkimbilia mpakani kumwomba amfundishe kuendesha, na yaliyowapata wale Kobe watatu wa Bi Subira. Akaufunga. Akamrushia Sikudhani ufunguo.

"Hayo yote kesho, tukiwa tunangoja bendera ishuke. Sasa hivi bado kuna mwanga, na kona ya juu hujawahi kuipita na gia ya nne. Endesha."